Masizi Niliyoyafuta

Gari la mwalimu lilikuwa Carina Ti, na kosa langu la kwanza lilikuwa kumjibu kabla hajamaliza kuniambia. Alikuwa anaeleza: asubuhi linalia ti-ti-ti mpaka majirani wanajua ninatoka, nikikaribia shuleni kelele inapungua, wakati mwingine inapotea kabisa. Nikamkatiza. "Tapeti hizo, mwalimu. Tunafungua."

Ilikuwa mwaka 2013. Kyerwa ilikuwa wilaya changa, imekatwa kutoka Karagwe mwaka mmoja nyuma, na magari ya huko kwenye vumbi la Nkwenda na Murongo yalikuwa yanateremka Omurushaka kutafuta mafundi. Mimi nilikuwa na mti mmoja, turubai moja na jina kubwa. Jina lenyewe nililipata kwa kutamka haraka. Mwenye gari hampendi fundi anayekuna kichwa. Anapenda yule anayesikia mlio toka barabarani na kusema "tapeti", "beringi", "imekufa hiyo", huku akiendelea kula muhogo wake.

Nikashusha silinda hedi ya mwalimu, nikaipeleka Bukoba ikasagwe valvu. Wakati wa kufungua niliona mstari wa masizi pale manifodi ya eksozi inapokutana na hedi, mweusi, mwembamba, kama alama ya kibatari ukutani. Nikaufuta kwa kitambaa chenye petroli. Napenda kazi safi. Gasketi ya manifodi niliirudisha ileile ya zamani, maana kwa macho ilikuwa nzima. Mwalimu akalipa kwa hela ya kahawa, karibu yote aliyoipata msimu ule. Nikawasha gari mbele yake, likalia vilevile.

Nilimwambia itazoea.

Neno hilo bado hunijia usiku. Itazoea! Kama vile injini ni bwana harusi kwa wakwe. Mwalimu hakugombana. Alifunga boneti mwenyewe, taratibu, akaondoka, na hakurudi tena.

Miezi ikapita, akaja mzee mmoja kutoka Isingiro, ile ya Kyerwa, na Hilux ya zamani yenye injini ya 3Y, imejaa ndizi. Alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake. Injini inagonga juu, kali. Nikachukua spana.

"Shikamoo mzee. Hizo tapeti, nizipime mara moja."

"Marahaba. Umeisikiliza?"

"Nimeisikia, mzee."

"Sikukuuliza kama umeisikia, mwanangu."

Kisha akaniuliza nitazipima vipi. Nikasema kwa fila geji. Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Injini za ukoo huo tapeti zake ni za oili: oili inazijaza na zenyewe zinaziba nafasi. Hazina skrubu ya kukaza. Nilikuwa fundi mwenye jina, na nilikuwa naelekea kupima kitu kisichopimwa.

Akaniambia nisiguse kitu hadi asubuhi. Asubuhi za Karagwe mnazijua, ukungu umelala kwenye migomba na chuma kimepoa hasa. Kwanza akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa chini ya alama, nzito na nyeusi kama uji wa ulezi uliolala. Akawasha. Akaniambia nigonge bodi kwa kidole nikifuatisha mlio. Kidole changu kilikwenda polepole kuliko nilivyotarajia, akaniuliza kwa nini. Kemshafti huzunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo tapeti inayolia hugonga nusu ya mwendo wa injini. Hilo nililijua kwa mdomo tangu nilipokuwa msaidizi. Kwenye kidole lilikuwa jambo jipya.

Halafu akatoa nyuma ya kiti kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kama urefu wa mkono. Ncha moja sikioni mwangu, nyingine ikitembea juu ya injini. Chini, kwenye sampu, kimya. Kungekuwa na kishindo kizito kama cha mchi kwenye kinu, hiyo ingekuwa beringi, na safari ingekuwa nyingine. Akachomoa waya za plagi moja moja, mkono umefungwa kitambaa kikavu. Mlio haukubadilika kwa silinda hata moja. Beringi ya konrodi ingenyamaza kidogo silinda yake ikikosa moto. Juu, upande wa silinda ya tatu, mpira ulinipigia sikioni kama nyundo.

Tukamwaga oili, tukaweka mpya na filta mpya, akaendesha siku chache tukamwaga tena. Kelele ikapungua, ikabaki moja. Tulipoitoa tapeti ile nikaibonyeza kwa kidole gumba: ikazama kama godoro la gesti. Zile nyingine zilikuwa ngumu. Tukaisafisha, ikazama tena, ikabidi kununua nyingine. Kazi yote haikufika hata robo ya nilichomtoza mwalimu.

Jioni ile nilikata mpira wangu. Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda Nyakaiga.

Mwalimu alinipokea vizuri, jambo lililonitesa zaidi. Sasa gari lilikuwa na redio, mpya, ya sauti kubwa. Nikamweleza yote, pamoja na masizi. Nikawasha injini ikiwa baridi, nikapitisha mpira kwenye manifodi: pumzi moto, pfu-pfu-pfu, ikanipuliza sikio. Moshi ulikuwa unapenyea palepale, na chuma kikipata moto kinatanuka na kuubana. Ndiyo maana kelele ilikuwa ikipungua akikaribia shuleni. Alishaniambia. Masizi nayo yalikuwa yamerudi. Nikafunga gasketi niliyoinunua kwa hela yangu, nikawasha.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Na hiyo ndogo, tiki-tiki?"

"Nozeli hizo, mwalimu. Ndivyo zinavyofanya kazi, hazina tatizo."

Akanitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe huo mpira."