Lori la Waya na Kipimo Chake



Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya jambo ambalo wazazi wengi hulihesabu kuwa la kitoto tu, nalo ni malori ya waya wanayoyaunda wavulana wetu. Ukitembea katika vijiji vya Ufipa, tangu Laela hata Namanyere, hukosi kumkuta mtoto akisukuma lori lake njiani, amelishika kwa fimbo ndefu yenye usukani juu, naye ananguruma kwa kinywa chake kama injini ipandayo kilima. Ndugu zetu wa Malawi huliita gari la namna hiyo galimoto, na mwaka 1990 mwandishi Karen Lynn Williams alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilo, kinachosimulia habari za mvulana azungukaye kijiji kizima akitafuta waya. Basi mchezo huu si wa kwetu peke yetu. Lakini sisi tumeutazama kwa karibu kwa sababu ya mpwa wetu, mwana wa dada yetu, mvulana wa miaka 12, ambaye amejaza ua wa mama yake malori hata kuku hawana pa kupita.

Mtu aliyezoea vitabu angedhani kwamba fundi huanza kwa kuchagua kipimo, kisha hutafuta vipande vinavyokifaa. Kwa watoto wetu mambo huenda kinyume. Huanza na gurudumu, maana gurudumu ndilo gumu kupatikana, na gurudumu ndilo lizaalo kipimo. Tairi la lori kubwa lina kimo cha meta 1 na sentimita 5 hivi. Mtoto akikata gurudumu la sentimita 7 katika ndala kuukuu, gurudumu hilo ni sehemu moja ya 15 ya tairi la kweli, na lori zima sharti lifuate hesabu hiyo. Lori lenye urefu wa meta 8 litakuwa na sentimita 53, na upana wa meta 2 na nusu utakuwa sentimita 17 kasoro kidogo. Lakini aliye na vizibo vya soda tu, ambavyo upana wake ni sentimita 3 hivi, lori lake ni sehemu moja ya 35, nalo halizidi sentimita 23, yaani shubiri moja ya mtu mzima.

Mpwa wetu hajui kuandika hesabu hii, wala hana haja nayo. Lori likisimama penye ghala la mahindi, yeye hukata fimbo iliyo sawa na kimo cha tairi, kisha hupima kwayo: kutoka taa za mbele hata mwisho wa bodi ni tairi 7 na nusu na kidogo, kutoka ekseli hata ekseli ni tairi kadha wa kadha. Akifika nyumbani hutwaa gurudumu lake la ndala na kuhesabu vile vile juu ya waya. Tulipomwuliza nani alimfundisha, alitutazama kwa mshangao, kana kwamba tumemwuliza nani alimfundisha kutafuna.

Huko Ulaya na Marekani watu wazima hushika kazi hii hii, nao hununua magari madogo ya vipande vipande dukani wakayaunganisha kwa gundi. Vipimo vyao vinajulikana: sehemu moja ya 24, sehemu moja ya 25, na sehemu moja ya 43. Hiki cha mwisho kilitoka katika treni za kuchezea, ambamo milimeta 7 zilihesabiwa badala ya futi moja. Hugombana sana juu ya usahihi, hata tairi la kipimo cha 24 likitiwa katika gari la kipimo cha 25 mjuzi hulitambua na kulikataa. Hata hivyo kwao pia kipimo kiliwahi kuzaliwa na kitu kilichokuwapo mkononi. Mwingereza Jack Odell alikuwa na binti ambaye shuleni kwake wanafunzi waliruhusiwa kuchukua tu kitu cha kuchezea kinachoingia katika kisanduku cha kiberiti. Baba akamfanyia mashine ndogo ya shaba ya kushindilia barabara, na kutokana na hiyo yakaja magari ya Matchbox, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1953. Lori kubwa na gari dogo yalipunguzwa kila moja kwa kadiri ya kisanduku chake. Kisanduku kwao, ndala kwetu.

Turudi kwenye ndala, maana hapo pana siri ambayo hatukuijua. Ndala moja ya mtu mzima hutoa magurudumu matatu, na jozi moja hutoa sita, yaani lori zima lenye tairi pacha nyuma. Lakini mtu huimaliza ndala kisigino kwanza, na kwa sababu hiyo gurudumu la kisigino ni jembamba na lile la katikati ya wayo ni nene. Mtoto asiyejua hufunga jembamba kushoto na nene kulia, kisha hushangaa lori lake likienda upande. Aliye fundi huweka yaliyo sawa katika ekseli moja, na membamba huyapachika mawili mawili nyuma. Tundu hutobolewa kwa waya uliopashwa moto, taratibu, usije ukapinda. Aliyekosea tundu kwa upana wa punje ya mtama ana gurudumu linaloyumba maisha yake yote.

Waya nao una mambo yake. Spoki za baiskeli ni nzuri kwa ekseli, ila ni fupi. Waya wa ndani ya tairi kuukuu ni imara, lakini hupatikana kwa kuchoma tairi, na moshi ule mweusi ni sumu kwa mapafu ya watoto. Wazazi wawakataze kabisa. Kisha upo waya wa seng'enge, ulionyooka, wenye unene unaofaa, unaongoja tu katika boma la jirani. Hapa ndipo mchezo huacha kuwa mchezo. Mwaka jana mvulana mmoja wa mtaa wetu alikata meta mbili za waya katika ua wa mama mmoja mjane. Usiku ndama wakapita pale, na asubuhi mistari minne ya mahindi yake ilikuwa imelala chini. Waya wenyewe uligawanywa kwa marafiki kabla jambo halijajulikana, na kipande kimoja kililetwa kwa mpwa wetu, ambaye wakati ule alikuwa amebakiza paa la kichwa cha lori tu.

Alikishika siku mbili. Tulimwona akikipima juu ya lori, akakiondoa, akakipima tena. Siku ya tatu alikipeleka kwa yule mama, akakifunga mwenyewe penye pengo kwa koleo la babu yake, kisha akavunja lori lake la kwanza, lile alilolipenda kuliko yote, apate waya wa paa. Hatukumwambia neno, wala kabla wala baada. Mama yake alituambia kwamba alilia alipolivunja.

Wafipa si wageni wa chuma. Zamani babu zetu waliyeyusha mawe yenye chuma katika malungu, tanuru za udongo zenye kimo kupita mtu, kisha wakakisafisha chuma katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, na majembe yao yalisifiwa nchi za mbali. Padri Wyckaert, wa shirika la White Fathers, aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914. Twataja haya kwa sababu wazee wengine hudhani kwamba mtoto aliyeinamia waya mchana kutwa anapoteza siku. Mhunzi naye alikuwa mtu wa kuinama mchana kutwa.

Sasa tuseme habari ya lori ambalo mpwa wetu alilimaliza kwa waya ule wa kuvunja. Lilikuwa mfano wa lori la mnunuzi mmoja wa mahindi ambalo hupita kijijini kila juma. Alilitia turubai la mfuko wa salfeti, na taa za vizibo, ila taa moja aliiacha tupu kwa kuwa ya kweli ilikuwa imevunjika. Tulipolitazama kwa nyuma tuliona kwamba limelalia upande wa kushoto.

"Mbona lori lako limeinama, mwanangu?"

"Ndivyo lilivyo, mjomba."

Babu yake alimwamuru alinyoshe, akisema kwamba kazi njema husimama wima. Mtoto akamwitikia kwa adabu, "Ndiyo, babu," lakini hakulinyosha.

Jumamosi lori lile likaja, likapakia magunia. Lilikuwa literemke Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, na ninyi mnaojua mteremko ule mnajua kwamba kutoka uwanda wa juu hata bonde la Ziwa Rukwa ni karibu meta 1,000 za kushuka, na kona zake hazina huruma. Dereva alipoliona lori dogo alicheka sana, akalitambua mara moja kwa ile taa. Kisha akauliza kama tulivyouliza sisi, naye akajibiwa kama tulivyojibiwa. Akaacha kucheka. Akamtuma utingo aingie chini ya bodi atazame. Mabamba mawili ya springi ya kushoto yalikuwa yamekatika, na la tatu lilikuwa na ufa.

Magunia yakashushwa. Dereva alilala kijijini usiku mbili akingoja springi kutoka Sumbawanga mjini, naye hakufurahi hata kidogo, maana tajiri wake alimpigia simu kwa maneno makali. Lakini alipoondoka alimwachia mtoto tyubu kuukuu ya baiskeli na waya mwororo mkono mzima. Babu hakusema tena habari ya kunyosha. Lori lile dogo lingali limeinama hata leo juu ya kabati la dada yetu, ingawa mtoto mwenyewe asema kwamba sasa si sahihi, kwa kuwa lile la kweli limekwisha kutengenezwa na limesimama wima. Na ataka kulirekebisha. Sisi twamwomba aliache.

Kwa sasa ameanza semi-trela, kama zile zipitazo katika barabara ya Tunduma, nalo lina tairi 22. Amekwisha kupata magurudumu tisa ya unene mmoja. Mwenye ndala kuukuu, nyeusi ikiwezekana, asizitupe wala asizichome, bali atuletee siku ya Jumapili baada ya mafundisho. Zilizolika kisigino zafaa pia, maadamu sehemu ya mbele ingali nene.