"Log in" si kuingia tu

Leo nina kitenzi kimoja cha Kiingereza cha kuwaletea, "log in". Kila anayetafsiri programu kwa Kiswahili hukutana nacho kwenye skrini ya kwanza kabisa, na karibu sote huandika "Ingia" kisha tunasonga mbele. Facebook wanasema Ingia, Google wanasema Ingia. Mimi hilo neno limeanza kunikera, na nitawaeleza kwa nini.

"Log" ni gogo. Zamani mabaharia wa Ulaya walitupa kipande cha ubao baharini kikiwa kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo. Walihesabu mafundo mangapi yamepita mkononi kabla mchanga wa kipima muda haujaisha, na hapo wakajua chombo kinakwenda kasi gani. Ndiyo maana mpaka leo mwendo wa meli hutajwa kwa "knot", yaani fundo. Hesabu ziliandikwa kitabuni, na kitabu kikarithi jina la gogo. Sisi tuna neno letu la kitabu hicho cha nahodha, batli, limelala kamusini likingoja mtu wa kuliamsha.

Kwa hiyo ukichambua vizuri, "log in" ni kuandikwa kwamba umefika. Ni kile kitabu cha askari wa getini kwenye majengo ya Nairobi: jina, namba ya kitambulisho, unakwenda kwa nani, saa ngapi. Mlango upo, ndiyo, lakini kazi yenyewe inafanywa na kalamu.

Na kompyuta zilikuwa na sababu ya kulichukua neno hili. Mwaka 1961 pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mashine ilikuwa ghali, kila mtu alipimiwa muda wake, hivyo ilibidi ijulikane nani anautumia. Neno siri likaja na hesabu hiyo hiyo. (Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja pale, Allan Scherr, alichapisha faili zima la maneno siri ili apate muda zaidi. Alikiri mwenyewe miaka mingi baadaye.)

Ndugu zake ni wengi. Windows iling'ang'ania "log on" kwa miaka, mpaka Windows 8 ya mwaka 2012 ikahamia "sign in", kutia sahihi. "Sign up" ni kujiandikisha mara ya kwanza, na pia kujiunga na jeshi. "Sign on" kwa Mwingereza ni kwenda kuomba posho ya wasio na kazi! Halafu kuna lile zogo la waandishi wa programu: "login" ukiliunganisha ni jina, ukilitenganisha ni kitenzi. Hilo tuwaachie wenyewe.

Sasa kero yangu. Niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo kutengeneza ripoti kwenye mfumo waliokuwa wameuziwa na watu wengine, wenye kitufe cha "Ingia". Nikakuta kesi. Zimepungua shilingi 18,400, na kumbukumbu za kompyuta zinamtaja keshia mmoja, mama wa makamo. Walitaka kumkata mshahara.

"Kijana wangu," akaniambia, "mimi niliingia asubuhi tu. Mchana nilitoka kwenda kula. Si umeona nimetoka?"

Alitoka mlangoni. Kwenye kompyuta hakutoka. Mwenzake alikuta mashine iko wazi, akaendelea kuhudumia wateja kwa jina la mama, kama walivyofanya siku zote. Kwao "kuingia" kulikuwa kufungua duka asubuhi. Mlango ukishafunguliwa, kila mfanyakazi anapita.

Nikatafuta muamala wenyewe: saa saba na dakika ishirini na tano. Kisha nikaomba kitabu cha getini. Askari alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mbaya kwamba mama alitoka saa saba na dakika tano, akarudi saa nane kasoro kumi. Batli ya karatasi ikaishinda ya kompyuta. Mshahara haukukatwa, na mwenzake akaitwa kueleza.

Nilipokabidhi ripoti niliomba ruhusa ya kubadilisha maneno. Pale palipokuwa na "Ingia" sasa pana "Anza zamu", na "Toka" imekuwa "Kabidhi zamu". Juu ya skrini kuna maandishi makubwa: "Kila kitu kinaandikwa kwa jina la" fulani. Nilifikiria "Jiandikishe", lakini hilo tayari ni la mwanachama mpya. "Tia batli" nililijaribu kwa meneja, akacheka sana.

Kwenye ukurasa wa wanachama nimeacha "Ingia" kama ilivyokuwa. Huko wengi wao wanatumia simu zao wenyewe.