Chupa Isiyo na Lebo

Duka lilikuwa kwenye uchochoro wa Brugge, mbali kidogo na soko kuu ambako watalii hujazana chini ya mnara wa kengele wenye urefu wa mita 83. Upande mmoja rafu za chupa zilifika darini, upande wa pili palikuwa na meza chache na kaunta ya mbao iliyopauka kwa kufutwafutwa. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka 1987, baridi ya kukata masikio, na mifereji ya mji imeshika utando wa barafu. Nilikuwa nasoma kilimo Ghent, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Aliyenipeleka ni mwenzangu wa chuoni, mtu wa Lubumbashi, mwenye ndugu zake Ubelgiji na aliyeijua nchi ile kuliko mimi.

Nilitoka Tanzania wakati bia ya chupa ni ya kutafuta. Kiwanda kilikuwa cha serikali, na bia ikifika baa ilikwisha kabla jua halijazama. Ukiipata Safari ya baridi hukuuliza imetengenezwaje, ulishukuru Mungu. Mwenye duka yule, mzee wa miaka sitini hivi aliyevaa aproni ya bluu, alitupokea kwa maswali. Tumekula nini? Tunapenda kitu kichachu? Tuna haraka? Tulipomjibu kwamba hatuna haraka, alikwenda nyuma akarudi na chupa iliyolazwa kwenye kikapu, shingo ina vumbi, imezibwa kwa koki kama mvinyo. Aliifungua bila kuitikisa, akainamisha glasi, akamimina polepole mpaka alipoona mashapo yanakaribia mdomo wa chupa, akaacha.

Hiyo ilikuwa geuze. Mwenzangu, aliyelelewa kwa bia ya Simba ya kwao, alionja akafumba jicho moja. "Yaya, hii iko mukali!" Mimi nilinyamaza, kwa sababu uchachu ule niliujua.

Mzee akatueleza. Shayiri iliyochipushwa huchanganywa na ngano mbichi, huchemshwa na hopsi kuukuu, kisha maji yale ya moto hupandishwa darini na kumwagwa kwenye sinia pana la chuma au shaba, madirisha yakaachwa wazi usiku kucha. Hakuna anayetia hamira. Chachu huja yenyewe na hewa ya bonde la mto Senne, karibu na Brussels. Ndiyo maana hupikwa miezi ya baridi tu, maana hewa ya kiangazi huleta vijidudu vya kuiharibu. Baadaye hulala kwenye mapipa ya mbao, na geuze hupatikana kwa kuchanganya ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu. Ile changa bado ina sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoleta povu ndani ya chupa.

Nikamwambia kwamba na sisi Kilimanjaro hatununui hamira. Akaweka kitambaa chini. Nikamsimulia mbege kama nilivyoiona kwa shangazi yangu Marangu: ndizi zinavundikwa mpaka ziive sawasawa, zinachemshwa kwa saa nyingi, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unalowekwa, unachipushwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, na uji huo, mso, ndio unaochanganywa na maji ya ndizi. Na gome la msesewe linatiwa ili kuleta uchungu. Hapo alinisimamisha. Gome la mti gani? Linatiwa lini? Akachukua daftari. Alielewa papo hapo, bila mimi kumfafanulia, kwamba msesewe unafanya kazi ya hopsi, kuuzuia utamu usikinaishe.

Sikuwahi kuulizwa maswali hayo na mtu yeyote nyumbani. Shuleni na maofisini mbege iliitwa pombe ya kienyeji, na sauti yenyewe ilikuwa hukumu. Mgeni wa heshima alinunuliwa chupa, na kata ya mbege iliachiwa wazee na watu wa kilabuni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mwanamke anayejua kwa harufu kwamba ndizi zimefikia mahali pake, na anayeonja kwanza yeye mbele ya wateja kabla ya kumpa mtu kata, ana utaalamu uliokamilika, na tuliuacha ukae bila kuandikwa.

Wabelgiji nao nusura wapoteze wa kwao. Mwaka 1900 walikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 3,000, vingi vidogo vya kijiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani walibeba masufuria ya shaba. Baada ya hapo viwanda vikubwa vya bia nyepesi vikavimeza vingine, na nilipofika mimi havikufika hata 200. Mzee alitueleza habari za mji wa Hoegaarden kana kwamba anasimulia ya ukoo wake. Bia yao nyeupe ya ngano, yenye giligilani na maganda ya machungwa, ilikoma kabisa miaka ya 1950 kiwanda cha mwisho kilipofungwa. Mwuza maziwa mmoja, Pierre Celis, aliyekuwa akisaidia kazi kiwandani humo ujanani, aliikumbuka, na mwaka 1966 akaanza kuipika upya. Moto ukamuunguzia kiwanda mwaka 1985, miaka miwili tu kabla ya sisi kukaa pale kaunta. Mtu mmoja mwenye kumbukumbu ya ladha alitosha kuirudisha. Nilimwaza shangazi yangu, na umri wake.

Kabla hatujaondoka alitutolea chupa nyeusi isiyo na lebo hata moja. Maneno yote yalikuwa kwenye kizibo. Ilitoka kwa watawa wa Westvleteren, ambao hupika kiasi cha kuendesha monasteri yao, hawazidishi. Aliifuata mwenyewe langoni kwao. Niliigeuzageuza mkononi. Kumbe pombe inaweza kukosa karatasi ya rangi na bado watu wakaisafiria kwa heshima.

Akaniuliza ataipata wapi mbege Ulaya. Nikamjibu kwamba haisafiri: ikishatiwa mso hunywewa leo na kesho, siku ya tatu imeshakuwa kali. Alifikiri kidogo, akasema basi nimletee gome.

Nilikwenda likizo mwaka uliofuata, na niliporudi nilimpelekea msesewe uliokaushwa na kutwangwa, umefungwa ndani ya gazeti la Uhuru. Aliunusa, akaweka kidogo ulimini, akakunja uso, akasema uchungu wake unakaa nyuma zaidi ya ule wa hopsi. Akataka kujua kipimo cha chungu kimoja. Nikamwambia shangazi anapima kwa kiganja. Akaandika, kisha akainua kichwa: kiganja chake kikubwa au kidogo? Nikakunjua changu juu ya kaunta, nikamwonyesha cha shangazi kingeishia wapi, naye akachukua rula.