"Jipange" Haiongezi Masaa

Kuna neno moja nimechoka kuliskia: jipange. Umechelewa? Jipange. Huna nauli? Jipange. Uko na wasiwasi hadi mikono inatetemeka? Ati jipange. Hapa Mumbuni tunalitoa kama salamu.

Binamu yangu anasomea uuguzi, diploma ya miaka mitatu. Na amejipanga kuliko msee yeyote ninayemjua. Ratiba yake iko ukutani, rangi nne za kalamu. Bado kuna siku anaamka saa nane usiku, moyo unapiga mbio, kupumua ni shida, halafu anaanza kujiuliza kama ni ule ugonjwa waliosoma juzi.

Tukakaa chini tukapiga hesabu. Wiki ina masaa 168. Wodini ni 40, na hayo halipwi, kwa sababu ni sehemu ya masomo. Kusoma, 15. Kibanda cha M-Pesa anakofanya ndio apate karo, 28. Matatu, boda na kungoja, 10. Kazi za nyumbani, yaani mitungi ya maji, kupika, kufua, kumuogesha na kumlisha susu, 28. Jumla ni 121. Yanabaki 47. Gawanya kwa siku saba, hata hayafiki saba kwa siku. Humo ndani alale, ale, aoge, aende kanisa, na bado tunamtaka kwa kila mkutano wa familia.

Sasa niambie, ni wapi hapo hajajipanga?

Na si yeye tu anaumia. Darasani wanafundishwa kwamba kabla ya kumpa mtu dawa, hakikisha vitu vitano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Vyote vitano vinahitaji kichwa kilicholala. Na kwa hicho kitanda anaweza kuwa ni susu yako, ama mtoi wako.

Kuna wale humwambia aache tu, ati hata mimi niliacha chuo na niko sawa. Tafadhali, msinitumie. Kazi yangu inataka simu na bando, na hakuna mtu huniuliza leseni. Yeye asipomaliza masomo yote na kupita mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, haruhusiwi kufanya hiyo kazi. Hakuna muuguzi wa nusu. Akiacha mwaka wa pili, karo imeenda na mikono ni mitupu.

2022, Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya uuguzi kule Dubai, dola 250,000. Wakenya wakajaza mitandao na pongezi, na alistahili kila moja. Lakini ndio sisi hao. Tunapenda muuguzi akishafika. Akiwa bado anafua sare saa tano usiku, tunampa lile neno moja.

Kwao kuna kijana amemaliza kidato cha nne, anashinda kwa FIFA. Hakuna mtu humwambia ajipange. Tuliongea na mwaitu, polepole, kwa heshima, tukaomba huyo kijana achukue maji na chakula cha jioni. Hivyo tu. Masaa 14 kwa wiki yakarudi. Wiki ya kwanza muthokoi ulikuwa mgumu kama kokoto, lakini tulikula na hakuna mtu alikufa.

Wasiwasi haujaisha, sitawadanganya. Kwa hilo anaongea na mshauri, na usiku ukimlemea kuna 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Anaomba pia, na maombi yanamtuliza. Lakini mshauri hatamchotea maji, na Mungu ameshampa kaka mwenye mikono miwili.

So kama kuna mwanafunzi wa uuguzi kwenu, leo usimuulize anamaliza lini. Uliza nani anapika jioni. Kama jibu ni yeye, na wewe uko hapo kwa kochi unasoma hii, simama uweke sufuria.