Mtu wa Ng'ambo

Atokaye Sumbawanga kwenda Kirando hupita Chala na Namanyere, juu ya uwanda wa Ufipa wenye upepo na baridi isiyojulikana pwani, kisha ghafla ardhi humkatikia. Njia huteremka kwa kujipinda hadi Ziwa Tanganyika, lililo chini ya Sumbawanga kwa kiasi cha mita 1,000. Wafipa husema jina la mji wao maana yake ni kutupa uchawi, na asimamaye ukingoni mwa uwanda huona kwamba pa kuutupia papo. Siku za anga nyeupe, milima ya Marungu huonekana upande wa Kongo. Chini yake uko mji wa Moba, na wasifu mwingi unasema huko ndiko alikozaliwa Laurent-Désiré Kabila mwaka 1939, ingawa mwingine unataja Likasi.

Msomaji wa visiwani hana ugeni na maji hayo. Katika karne ya 19, watu waliotekwa ng'ambo walivushwa kwa mitumbwi na majahazi, wakaandamishwa kwa miguu hadi Bagamoyo na kuuzwa Unguja; nyumba ya Tippu Tip ingali pale Mji Mkongwe. Kumkamata binadamu na kumtia bei ni kazi kongwe katika ziwa lile. Kabila aliifanya kwa jina la mapinduzi.

Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ndio uliomtoa. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma, na Wacuba waliomfuata walizidi 100, waje kumsaidia. Wakamngoja. Mwenyewe alikuwa Dar es Salaam. Alifika Julai, akakaa siku chache, akaondoka tena. Novemba Wacuba walirudi walikotoka. Mwingine angeliacha shughuli hiyo, lakini mwaka 1967 Kabila alianzisha chama chake, PRP, katika milima ya Fizi, akajijengea himaya ndogo mahali palipoitwa Hewa Bora. Palikuwa na shule na mafunzo ya siasa. Chakula cha himaya hiyo, hata hivyo, kilitokana na dhahabu na pembe za ndovu zilizovushwa ziwani kwa magendo, na mkubwa wake aliendelea kuwa na makazi Dar es Salaam, akitumia jina lisilo lake.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wapatao 40 wenye silaha walishuka kwa mashua katika ufuo wa Gombe, kaskazini ya Kigoma, ambako Jane Goodall alikuwa akiwachunguza sokwe tangu mwaka 1960. Wakawachukua wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakatokomea nao upande wa Zaire. Watanzania wa kambini walitishwa na kupigwa ili waseme wengine wamelala wapi, wasiseme. Baada ya wiki moja hivi, mateka mmoja aliachiwa arudi na barua za madai: fedha, silaha, na kufunguliwa kwa wenzao waliokuwa wamefungwa Tanzania. Mtu akaaye mwituni kuandika sokwe amekula nini hana deni lolote na Mobutu, na hilo Kabila alilijua. Alijua pia kwamba kijana wa Marekani ana thamani sokoni kuliko kijana wa Fizi, na alifanya biashara kwa bei hiyo.

Wazazi walifika Dar es Salaam. Majadiliano yalikuwa marefu, fidia ikalipwa, na hadi mwisho wa Julai wote walikuwa huru. Balozi wa Marekani, Beverly Carter, ambaye ubalozi wake uliwasaidia wazazi, alikasirikiwa na Henry Kissinger na kuukosa ubalozi wa Denmark aliokuwa akiutarajia. Kati ya wakubwa wote waliohusika, ndiye aliyetozwa.

Gombe nako mambo yaligeuka. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na wasaidizi Watanzania wakaendelea na uchunguzi wenyewe, siku baada ya siku, wakiandika madaftari kwa Kiswahili. Ni nathari ya miaka mingi kuhusu mama, mwana, ugomvi na mauti, na wapenzi wa fasihi ya Kiswahili hawajaigusa.

Kabila alirejea ziwani. Novemba 1984 wapiganaji wake waliuteka mji wa Moba, na Juni 1985 wakaushambulia mara ya pili, mji uleule unaosemwa kuwa ndipo kilipozikwa kitovu chake. Kila mara jeshi la Mobutu liliurudisha baada ya muda mfupi. Watabwa wako pande zote mbili za maji. Kwa wakazi wa mwambao wa Ufipa, waliokimbia risasi kule hawakuwa wageni. Hapana fidia iliyodaiwa kwa ajili yao, wala balozi aliyekasirikiwa.

Kisha akasahauliwa, hata mwaka 1996 Rwanda na Uganda zilipomtafuta mzee wa Kikongo wa kumweka mbele ya vita vyao. Tarehe 17 Mei 1997, zikisalia siku mbili kutimia miaka 22 tangu usiku wa Gombe, majeshi yake yaliingia Kinshasa, na mji wa Kilingala ukaamrishwa kwa Kiswahili na vijana walioitwa kadogo, wengine watoto kabisa. Tarehe 16 Januari 2001 alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Siku kumi baadaye aliapishwa mwanawe Joseph, aliyekulia Tanzania na kukijua Kiswahili kuliko Kilingala. Alizaliwa Hewa Bora Juni 1971. Mashua zile zilipokwenda Gombe, alikuwa hajatimiza miaka minne.