Mzungu wa Mitumba na Watoto wa Gunzi

Utotoni kwetu Matombo, mdoli wa dukani hatukumjua. Tulikuwa na mahindi. Yakishaanza kubeba tulikata yale machanga yenye nywele ndefu, tukazisuka mtindo wa twende kilioni, tukawavika hao watoto wetu vipande vya kanga tulivyookota kwa fundi cherehani, kisha tukawabeba mgongoni. Bibi alifoka kutoka jikoni: "Nyie wajukuu zangu, njaa ikiingia mtawala hao wanasesere?" Lakini hakutuchapa. Naye aliwabeba hao hao enzi zake.

Yeye ndiye aliyetusimulia habari za mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti cha Waluguru na jirani zetu Wakutu, Wakwere na Wazaramo. Hakikuwa na mikono wala miguu, ila kichwani kilichongwa nywele zilizogawanywa mafungu mawili. Mwali akiwekwa ndani alikabidhiwa akilee: akiogeshe, akipake mafuta, akitengeneze nywele. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo uzazi wa binti ndio uhai wa ukoo. Chombo cha unyago hicho, mtoto hakigusi. Aliyekosa cha mti alipewa kibuyu au gunzi, na niliposikia hivyo nilivimba kichwa: kumbe mahindi yetu yana ndugu mkubwa! Siku hizi ukitaka kuona mwana hiti wa zamani, wengi wamo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Halafu akaja mzungu. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na miaka iliyofuata mitumba ikafurika. Shangazi, aliyekuwa akiuza mitumba Morogoro mjini, alipanda na mdoli mweupe, macho ya buluu, nywele za njano zilizonyonyoka upande mmoja. Watoto wa vitongoji vya jirani walikuja kumtazama.

Katika mchezo wa baba na mama hatukumfanya mtoto hata mara moja. Alikuwa daktari, au sista wa misheni, au mgeni kutoka mjini, na alikalishwa kwenye kigoda. Watoto wa gunzi walikaa chini. Ndio waliotumwa maji, ndio waliochapwa. Hakuna mtu mzima aliyetupangia. Nywele za yule mzungu hazikushika msuko, zilifumuka papo hapo, na bado tuligombea kuzichana.

Nilipokua nilisoma kwamba huko Marekani, katika miaka ya 1940, Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere weusi na weupe, na wengi wakasema mzuri ni mweupe. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu iliutaja utafiti wao ilipoharamisha kutenganisha wanafunzi kwa rangi. Sisi hatukutenganishwa na mtu, darasa zima tulikuwa weusi, lakini tungeulizwa tungejibu vile vile.

Sasa mdoli mweusi anapatikana mjini. Mtazame vizuri, basi: wengi niliowashika wana pua ile ile na nywele zile zile za kuteleza. Wamebadilishiwa rangi tu. Mafundi cherehani wa Morogoro, vitambaa mnavyofagia kila jioni vinatosha. Tushoneeni mdoli mweusi, mtieni nywele za uzi mweusi zinazosukika, mtuwekee bei ya mwananchi. Wazazi tutanunua.