Kwako Mwanangu, Juu ya Hicho Kinachokukaba Usiku

Mwanangu,

  

Nimesikia umetupa dawa za presha. Nimesikia pia kuwa usiku unakoroma hadi unakabwa, mkeo anakutikisa mpaka pumzi irudi, na kwamba umeshakwenda kwa mganga akutoe jinamizi. Sikutaka kuyapata haya kwa watu. Lakini nimeyapata, nami nimekuwa muuguzi tangu usichana wangu hadi kustaafu, siwezi kunyamaza.

Marehemu baba yako alikoroma hivyo hivyo, na nyumba nzima tuliona ndiyo usingizi wa mwanamume. Alipolazwa, wewe ukiwa bado mdogo, nilikuwa zamu ya usiku. Alikoroma, akakoroma, kisha kimya. Kifua kinahangaika, puani hakuna hewa. Nikatazama saa: nusu dakika nzima. Halafu akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa baharini, akalala, yakaanza upya. Mtu mzima wa afya presha yake hushuka akilala. Ya baba yako alfajiri ilikuwa juu kuliko ya jioni. Nilipomweleza daktari wa wodi akanijibu kwamba mgonjwa hamezi dawa. Dawa aina tatu nilizokuwa nikimpa kwa mkono wangu huu! Jibu hilo bado linaniuma. Wajomba zako nao wakamtoa wodini wakamfanyie kafara. Haukupita muda, kiharusi kikamwangusha.

Ndiyo maana habari ya mganga imenikosesha raha. Hakuna jini hapo, mwanangu, ni koo lako. Ukilala misuli ya koo hulegea, na kwa wenye shingo nene kama wanaume wa ukoo wetu njia ya hewa huziba upesi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, adrenalini humwagika, mishipa hubana na presha hupanda ghafla. Pumzi ikirudi unalala tena, wala hujui kuwa uliamka. Yakitokea mara 5 kwa saa tayari huhesabiwa ugonjwa. Wako wanaozidi mara 30. Mishipa ikisumbuliwa hivyo kila usiku, mchana nao presha hukataa kushuka, hata kwa vidonge vya aina tatu. Basi dawa zikishindwa usizitupe. Mweleze daktari jinsi unavyolala.

Ipo mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ya puani, koo lisizibe. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, aliwaeleza wenzake habari zake mwaka 1981, baba yako akiwa hai. Presha huishusha kidogo tu kwa walio wengi, kwa hiyo haichukui nafasi ya dawa. Kwa wale ambao presha yao imegoma, msaada wake huonekana zaidi. Na kusinzia mchana, kunakoletwa na usiku wa kushtuka-shtuka, huondoka.

Hilo la mchana ndilo linaloninyima usingizi mimi. Utingo wako amesema ulisinzia kwenye usukani wa lori katika mteremko wa Kitonga, na shehena nyuma yako. Mwambie tajiri wako ukweli, usishike usukani mpaka utibiwe. Akikufukuza, kazi nyingine itapatikana.

Pombe ya usiku iache, hulegeza koo. Vidonge vya usingizi vivyo hivyo. Lala ubavu. Punguza kitambi. 

Kesho asubuhi nenda ukapimwe presha, uandikiwe dawa upya. Kisha omba kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, akuelekeze panapopimwa usingizi. Utafungwa vifaa vidogo kifuani, puani na kidoleni, ulale. Mtajie kichwa kinachouma asubuhi na kuamka kila mara kwenda haja ndogo. Nenda na mkeo, maana wewe umelala, anayeona ni yeye.

Gharama za kipimo nitazitoa mimi katika pensheni yangu. Nipigie ukishapewa tarehe.

Shangazi yako